Gari la Kimarekani na Unga wa Msiba

Jumamosi ile naikumbuka kwa harufu ya rangi mpya, mwanangu, na kwa uongo nilioutamka nikiwa nimesimama wima, nimevaa shati jeupe, mbele ya gari zuri kuliko yote yaliyowahi kuegeshwa Tunduma. Nilisema mtu amefariki. Mtu huyo alikuwa mzima kabisa, nyumbani kwake Itaka, anageuza kahawa yake kwenye kichanja.

Nitakueleza yote, lakini ujue kwanza kwamba nakuandikia nikiwa na hasira, na sina mpango wa kuificha. Mwezi uliopita nilialikwa harusi Vwawa. Nje ya ukumbi kijana wa rika lako alikuwa ameegesha gari la zamani alilolifufua, bei imebandikwa kwenye kioo, watu wanapiga picha. Kazi nzuri, sikatai. Nikainama dirishani nikaona viti vimeshonwa kwa mkono, mshono umenyooka kama umepigiwa rula. Nikamuuliza, "Nani amekushonea viti?" Akacheka. "Mzee, mteja hanunui stori. Kila kitu unachokiona hapa ni mimi." Nikamuuliza mara ya pili. Akageukia simu yake.

Sikula pilau la watu siku ile. Niliondoka kabla maharusi hawajaingia, na mke wangu akadhani presha imenipanda. Haikuwa presha. Nilikuwa nimemsikia kijana mwingine kabisa akisema maneno yale yale, na kijana huyo ni mimi.

Sasa, usinisome kama mtu aliyeshindwa maisha. Katika kazi ya magari mimi si wa kudharauliwa, na nalisema bila haya. Nilizaliwa Ndalambo, mtoto wa sita, katika nyumba iliyovuja pande zote. Nilivuka mpaka nikiwa na miaka kumi na saba, viatu nimevibeba mkononi ili soli zisiishe. Kitwe niliosha magari ya watu miaka minne. Nikasoma, nikapata diploma ya ufundi wa magari yenye muhuri, na hakuna ndugu aliyenilipia hata daftari. Diploma hiyo ipo ukutani hadi leo, ndani ya fremu ya kioo, na mteja anayeingia gereji kwangu lazima aione kabla hajaniona mimi. Nimeitundika pale makusudi. Malori ya nchi tano yanaletwa kwangu yakiwa yanavutwa na yanaondoka yakiwa yananguruma. Nimejenga bila mkopo wa mtu. Nakwambia haya ili uelewe kwamba kosa nitakalokusimulia halikufanywa na mjinga. Lilifanywa na mtu hodari, na mtu hodari akikosea huwa anakosea kwa ustadi.

Niliporudi Tunduma nilikuja na vitu viwili, diploma na gari lililokufa. Lilikuwa gari la Kimarekani la miaka ya zamani sana, la milango miwili, refu kama basi dogo, na nyuma lina mapezi mawili yaliyochongoka kama ya samaki. Mwenyewe alikuwa mhandisi wa mgodini. Alipofariki, mjane wake alitaka nafasi ya kufugia kuku, akaniachia gari kwa bei ya kuondoa takataka. Nilipolivusha juu ya lori, watu wa mpakani waliniuliza kama nimeleta jeneza la jitu.

Nililitengeneza miaka mitatu. Injini yake ya asili ilikunywa petroli kiasi ambacho hata waziri angelia, nikaitoa nikaweka injini ya dizeli ya pikapu ya Kijapani. Vishikizo vya kuibeba injini ile nilivichora mwenyewe, nikavikata mwenyewe, nikavichomelea mwenyewe. Usukani ulikuwa kushoto, nikauhamishia kulia, na sikuuhamisha kwa ujanja ujanja wa mnyororo wa baiskeli kama wanavyofanya wengine. Mhandisi yeyote angekuja kuukagua angenivulia kofia.

Lakini mabati yalinishinda. Madigadi ya mbele yalikuwa yameliwa na kutu, unapitisha mkono upande huu unatokea upande wa pili. Pezi moja halikuwepo kabisa, maana mjane alikuwa amelikata akalifanya chombo cha kuku kunywea maji. Chuoni walitufundisha kwamba madigadi yakiharibika unanunua mengine. Hawakutufundisha la kufanya duka likiwa ng'ambo ya bahari na limefungwa tangu hujazaliwa.

Ndipo nikaelekezwa kwa Mzee Halinga wa Itaka. Alikuwa Mnyiha wa ukoo wa wafua vyuma, ila zama zake majembe yalikuwa yanatoka dukani, kwa hiyo yeye alitengeneza mashine za mkono za kumenyea kahawa. Mashine ile ina ngoma iliyovikwa bati la shaba lenye vipele vingi. Vipele vikiisha, kahawa inatoka na ganda lake. Mzee Halinga alikuwa anakata bati jipya, analipiga vipele kimoja kimoja kwa macho tu, na ngoma inazunguka bila kukwaruza. Wakulima wa Mbozi walikuwa wanabeba ngoma zao kichwani kutoka mbali kumpelekea.

Nilimkuta amevaa koti la sufu lililotoboka viwiko vyote viwili. Nilimwonyesha picha ya gari niliyoikata kwenye gazeti kuukuu. Aliitazama muda mrefu, akaweka kidole kwenye pezi.

"Hiki kina kazi gani?"

"Urembo tu, Mzee."

"Urembo tu," alirudia. "Basi lazima kiwe sawasawa, maana hakina kisingizio kingine."

Alishuka Tunduma akakaa kwangu miezi mitano. Alikuja na gogo la mkaratusi, mfuko wa mchanga na nyundo tatu za mti, basi. Analaza bati kwenye mfuko wa mchanga, analigonga taratibu, analigeuza, analigonga tena, na bati linapinda lenyewe kama limekumbuka umbo lake. Alipotengeneza pezi lililokosekana alikuwa anasimama katikati ya buti, anafumba macho, anapitisha kiganja cha kushoto kwenye pezi la zamani na cha kulia kwenye jipya, kwa pamoja. Akihisi tofauti anarudi kwenye gogo. Nilimwona akirudi kwenye gogo siku tisa mfululizo kwa kosa ambalo mimi sikuliona hata nilipoonyeshwa.

Nilichompa kilikuwa kidogo kwa kazi kubwa kama ile, na alijua. Hakulalamika. Alikuwa na ombi moja. Wakati ule vikundi vya wakulima vilikuwa vimeanza kununua mashine kubwa za kumenyea kahawa za kutumia pamoja, na zile ndogo za mkono zilikuwa zinatupwa. Ngoma alizokuwa analetewa zilikuwa zinapungua kila msimu. Ana mke, ana mikono yenye nguvu, na kazi inamwishia.

"Siku mwenye kulinunua atakapokuja, uniite," aliniambia. "Kwetu anayechukua jembe humwona kwanza aliyelifua. Wanasalimiana, ndipo jembe linatoka. Mtu anayenunua gari kama hili hakosi vitu vingine vya kutengenezwa. Mimi nitakuwa nimesimama pale tu. Sitasema sana."

Nikamwambia nitakuita, Mzee. Nikaapa kwa jina la mama yangu, na mama alikuwa hai.

Alirudi Itaka msimu wa kahawa ulipoanza, na mimi nikapiga rangi, kijani ya jani bichi chini na nyeupe juu. Nikashona viti vyekundu. Habari zikavuka mpaka zenyewe. Akaniletea ujumbe Bwana Mulenga, Mbemba mmoja mwenye nafasi yake pale Nakonde, mwenye kazi ya kukodisha magari ya harusi: Jumamosi nakuja kuliona gari.

Nilikuwa na siku nne za kumpelekea Mzee Halinga habari. Malori ya kwenda Mbozi yalikuwa yanapita mbele ya mlango wangu kila saa. Sikumpelekea. Unataka kujua kwa nini, mwanangu, na mimi ningetamani kukupa sababu ya kiume. Sababu ilikuwa lile koti. Nilimwona akilini amesimama karibu na gari langu na viwiko vyake nje, anaongea Kiswahili chenye Kinyiha kingi, na mteja anamgeukia yeye badala ya kunigeukia mimi. Nikajiambia kwamba ni msimu wa kahawa, nisimsumbue mzee wa watu. Sababu hiyo ilisikika vizuri hata masikioni mwangu, na ndiyo maana niliitumia.

Jumamosi ikafika. Baridi ya Juni, unajua ilivyo huku kwetu, lakini watu walijaa. Wabadilisha hela waliacha viti vyao, wasukuma mikokoteni walisimama, akina mama wa maharage walitua vikapu. Mama mmoja muuza chapati, mtani wangu wa siku zote, alilitazama gari mbele, pale kwenye wavu wa nikeli unaong'aa, akasema, "Fundi, hili lina meno kama shemeji yangu."

"Shemeji yako hajawahi kung'arishwa namna hii," nikamjibu, watu wakacheka, na mimi nikajiona mfalme.

Bwana Mulenga alikuja na dereva wake. Mtu mzima, mnene, mwenye kofia ya sufu, anaongea Kiswahili cha mpakani. Alilizunguka gari mara tatu. Nilikuwa nimeshafungua boneti ili aione injini, fahari yangu, kazi yangu halali. Hakuitazama. Alikwenda nyuma, akaweka kiganja juu ya pezi, akakipitisha mpaka mwisho.

"Ba fundi," alisema, kwa heshima yao, "bati hili nani amelipiga?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Nina diploma, bwana."

Ona nilivyolijibu swali lake. Hakuniuliza habari za diploma.

Bwana Mulenga akafurahi, mwanangu, na furaha yake ndiyo iliyonimaliza. Akanieleza kwamba nyumbani kwake ana magari mawili ya aina ile, yamelala nyuma ya nyumba, bodi zimeoza. "Nimezunguka mpaka Lusaka natafuta mkono kama huu," alisema. "Utakuja kwangu, mukwai, nakuomba. Ni kazi ya miaka miwili. Nyumba ya kukaa nitakupa." Halafu akamwita dereva wake, akaletewa mfuko, na ndani yake akatoa pete ya chuma ya kuzungushia taa ya mbele, imebonyea upande mmoja. "Nitengenezee pacha wa hii. Nimekuja na chai yangu, sina haraka."

Akakaa. Kazi ya Mzee Halinga ya nusu siku, labda chini ya hapo.

Nilikata bati. Nililigonga, likapasuka. Nikakata jingine, nikalichomelea pale lilipokataa kupinda, nikalisawazisha kwa puti ya kuziba mabonde, nikalipiga msasa. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Jasho lilinitoka katika baridi ile mpaka shati jeupe likashika mgongoni. Mpaka adhuhuri nilikuwa na kitu kilichofanana na sikio la mbuzi.

Muuza chapati alikitazama kwa huruma. "Fundi, labda diploma umeisahau nyumbani. Tutume mtu akuletee?"

Kicheko kilichofuata nakisikia mpaka leo. Bwana Mulenga peke yake hakucheka. Alikishika kile kitu, akakiweka chini taratibu. "Huu sio mkono uliotengeneza gari hili," alisema. "Nani alilitengeneza?"

Hapo ndipo nilipokuwa na njia nyeupe. Ningesema, bwana nimekosea, fundi yuko Itaka, panda tukamwone sasa hivi. Ningechekwa mpaka jioni na yangeisha. Lakini nilifikiri, akimwona Halinga atajua kwamba nilimficha, na Tunduma nzima itajua kwamba mimi ni fundi injini tu. Fundi injini tu. Neno hilo sasa linanilisha mimi na wajukuu zangu, na siku ile niliona ni tusi.

"Kuna mzee alinisaidia mabati," nikasema. "Mzee Halinga, wa Itaka. Kwa bahati mbaya amefariki."

Bwana Mulenga alivua kofia. Watu wote wakavua kofia, hata wasukuma mikokoteni. Aliniuliza lini, nikamwambia juma lililopita. Aliniuliza kama ameacha mjane, nikasema ndiyo, na hilo nadhani ndilo neno baya kuliko yote niliyowahi kutamka. Akamwaga chai yake. Akamtuma dereva ng'ambo, akarudi na mfuko mkubwa wa unga wa mahindi na vitenge viwili vipya.

"Mpelekee mama," alisema. "Mwambie nilishika kazi ya mume wake kabla sijajua jina lake."

Kisha akalinunua gari, na hakuomba nipunguze hata kidogo. Alisema kazi ya marehemu haipunguzwi bei. Akaondoka nalo polepole kuelekea geti la mpaka, na mimi nikabaki nimesimama na mfuko wa unga.

Miongoni mwa wale akina mama wa maharage wawili walikuwa wa Itaka, ambao hawakuwa wamefika kwao siku nyingi. Niliwaona wakifunga vikapu vyao kabla ya saa ya kufunga. Niliwaona wakijifunga khanga kiunoni, mmoja ameshaanza kulia. Nilijua wanakwenda wapi na wanapeleka nini. Bado nilikuwa na mdomo. Sikuufungua.

Jumatatu asubuhi alisimama mwanamke mlangoni kwangu, mdogo wa umbo, mwenye vumbi la safari mpaka kwenye kope.

"Wewe ndiye fundi mwenye diploma?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. Unajua uzito wa mama kutoitikia shikamoo yako. "Nimeambiwa mume wangu amefariki," alisema, "na unga wangu upo kwako. Nipe. Watu wamejaa nyumbani tangu jana, wengine wametoka mbali, hawajala."

"Mama, Mzee yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Anawachemshia chai waliokuja kumzika."

Nikapiga magoti palepale kwenye oili. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia sufuria iliyotoboka.

"Inuka. Magoti hayabebi mfuko."

Niliubeba mfuko ule kichwani, mwanangu, kutoka gereji mpaka kituo cha magari, katikati ya Tunduma, na vitenge nimevishika mkononi. Yeye alitangulia. Walioniuliza nabeba nini aliwajibu yeye, bila kugeuka. "Ni unga wa msiba wa mume wangu. Mume wangu hajambo." Aliwajibu hivyo wote, mmoja mmoja, na hakumruka hata mmoja.

Itaka tulikuta uani kumejaa kweli. Mabenchi yametoka kanisani. Wanawake wameketi chini, masufuria yapo tayari, moto unawaka. Dada yake Mzee Halinga alikuwa amefika kutoka Ivuna na mfuko wa chumvi ya kwao kwa ajili ya chakula cha matanga. Alikuwa amelia njia nzima, sauti imekwisha, na alipomkuta kaka yake ameshika birika alizimia. Huyo aliponiona na mfuko kichwani hakuuliza. Alivua ndala akanipiga nayo shavuni, mbele ya mchungaji, na mchungaji akatazama pembeni.

Nikawaeleza watu. Niliwaeleza yote, koti, diploma, pete ya taa. Mzee Halinga alikuwa amekaa kwenye kigoda, ngoma ya mashine ipo magotini, na wakati wote nilipokuwa nasema alikuwa anapiga vipele. Nilipomaliza akaweka nyundo chini. Nilikuwa nasubiri anitukane. Nilikuwa namwomba Mungu anitukane.

"Ulitoa injini ya gari moja ukaivalisha gari jingine," alisema. "Sijaona kazi kama ile. Tangu nirudi, kila aliyeniuliza miezi mitano nilikuwa wapi, nimemwambia, nilikuwa Tunduma kwa kijana mmoja, fundi kweli kweli, mwenye diploma. Nimekutaja kanisani. Nimekutaja sokoni. Waulize hawa." Akawaonyesha kwa kidole wale watu waliokuja kumlilia, na wale watu wakatikisa vichwa kwamba ni kweli. "Wewe ulikuwa na mtu mmoja tu wa kumtajia jina langu."

Akachukua nyundo yake. "Kula, kisha uende. Unga umeubeba wewe."

Nikala. Walinikalisha katikati, wakaninawisha mikono kama mgeni, na niliumeza ugali ule tonge kwa tonge huku dada yake ananitazama.

Kesho yake nilivuka kwenda kwa Bwana Mulenga. Nilikuwa nimejipanga vizuri njiani, nitakiri, atanifokea, tutakwenda wote Itaka, kazi ya miaka miwili itapatikana na yote yatakuwa yamepona. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Alinipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha mahali pawili ambapo majani yalikuwa meupe kwa kukosa jua.

"Yalikuwa hapa," alisema. "Jana nimewaita watu wa chuma chakavu. Ulisema mkono umekufa. Ningeyaweka ya nini?"

Nikainama kuyashika yale majani.

"Ondoka," alisema, "kabla sijasahau kwamba uko nyumbani kwangu."

Mzee Halinga hakupata kazi nyingine ya mabati. Mashine za mkono zikaisha kabisa. Yule mtu aliyesawazisha pezi la gari kwa kufumba macho alimaliza miaka yake akipalilia kahawa ya watu wengine kwa jembe la dukani. Nilimpelekea vitu mara nyingi. Alivipokea, alinishukuru, na hakuniita fundi tena. Aliniita kijana.

Alipofariki kweli, mke wake alimtuma mtu Tunduma na Ivuna. Pale sokoni, watu wa Itaka walimsikiliza mjumbe wakacheka. "Huyo tulishamlilia," walisema. Wakasubiri mjumbe wa pili. Ivuna dada yake, mzee sasa, alikataa kuinuka. "Nendeni mkaangalie kwanza," alisema, "mtamkuta anachemsha chai." Alifika udongo umeshakauka juu ya kaburi. Sikuweza kumtazama usoni na sijui alifanya nini na ndala zake. Najua tu kwamba waliokuja siku ya uongo walijaza uani, na waliokuja siku ya kweli tulikuwa wachache kiasi kwamba nilishika sepetu mpaka viganja vikatoka damu, maana hapakuwa na mtu wa kunipokea.

Hasira yangu inatoka hapo, mwanangu. Hata nikiwa gereji kwangu, chini ya diploma yangu ninayoipenda, kuna siku inanipanda nakosa wa kumpigia kelele, kwa sababu anayestahili kelele ni mimi.

Basi sikiliza, na usinijibu. Siku unapouza kitu mlichokitengeneza pamoja, mtaje aliyetengeneza pamoja nawe kabla mnunuzi hajauliza. Ukisubiri kuulizwa umeshachelewa, kwa sababu swali likija litakukuta umeshajivisha sifa, na kuzivua mbele ya watu kunauma kuliko kuchomwa. Mwite aje siku ya makabidhiano, aje na koti lake alilonalo. Asimame karibu na kazi yake, mnunuzi amshike mkono. Usimchagulie wewe kama ana muda au hana. Jisifu kwa kilicho chako, jisifu hata sana, mimi najisifu kila siku na sijafa, lakini pale kazi yako inapoishia na ya mwenzako inapoanza, useme kwa sauti ile ile. Bei ikishuka kwa sababu hiyo, iache ishuke. Na jina la mtu likishakuwa mdomoni mwako, kumbuka kwamba umeshika chakula chake.

Na wewe kijana wa Vwawa, kama ukurasa huu utakufikia. Nimeulizia. Viti vile vimeshonwa na mama mmoja wa Mlowo anayeshona sare za shule, ana cherehani moja na macho yameanza kumsumbua. Jina lake ninalo. Sitaliandika hapa, kwa sababu kulitaja ni kazi yako, na nitakuja Vwawa na miguu yangu kusikia ukiifanya.

Mungu awashike mikono, wanangu wote. Awape kazi zinazozidi uwezo wenu ili mlazimike kuomba msaada, na awape ndimi za kusema nani aliwasaidia. Awape miaka mingi. Na siku ya msiba wenu, mbali sana na leo, watu wakisikia mara moja tu, waamini, waache walichokuwa wanafanya, waje.